Ng'ombe Wanne wa Mama

Juzi nilikuwa Basotu, kwenye kaunta ya ofisi ya kata. Mbele yangu mzee mmoja na mkewe walikuwa wakiomba kibali cha kuhama, maana malisho yao sasa ni shamba la ngano la serikali. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, imeandikwa "chattels". Nikachemka. Mfugaji aandikiwe Kiingereza cha nini?

Karani, kijana wa mkoa mwingine, akaeleza kwa upole, "Ni mali yako inayohamishika, mzee. Vyungu, vitanda, ng'ombe."

"Ng'ombe ishirini," mzee akajibu.

Mkewe akaweka kiganja juu ya fomu. "Andika kumi na sita. Wanne ni wangu, nilipewa siku ya kuolewa, kabla sijakubali kuingia nyumbani kwake, kama ilivyo mila yetu. Wakiandikwa kwa jina lake, kesho atawauza."

"Mama, fomu ni moja kwa kaya."

Mzee akacheka. "Mwanangu, mpe fomu yake. Nikiwagusa hao, nitalala nje."

Karani akavuta fomu ya pili, akagonga muhuri.

Nilipofika nyumbani nilimuuliza mke wangu kuku wetu ni wa nani. Jibu lake siliandiki gazetini.