Vyumba Vinne, Kufuli Moja

Mwanne aliposikia bei ya nyumba yake alidhani Salvator, komisioneri wa kuuza nyumba, anamtania. Akashika kiuno, akacheka, kisha akaona anacheka peke yake.

"Salvator, nyumba ya Atumani hapo jirani, ile ya mbao, uliuza mara mbili ya hiyo. Yangu ni matofali ya kuchoma! Vyumba vine!"

"Usinikasirikie, Mama Fadhila. Ile ilikuwa na vyumba nane. Yako iko na kimoja."

"Kimoja? We ni kipofu?"

Salvator alimwelekezea kidole mnunuzi, Madamu Odette, aliyekuwa akizunguka ndani. Odette hakutazama dari wala sakafu iliyong'arishwa. Alitazama milango tu. Alishika pazia la chumba cha kwanza, akaliachia kama kitu kichafu, akasema:

"Chumba ni kitu kiko na kufuli, Mama. Hapa Kamenge napangisha wanafunzi. Hawajuani. Pazia itawalindia ordinateri, kompyuta zao za kusomea?"

Mwanne naye akatazama milango. Marehemu mumewe, fundi mwashi, alitia mlango mmoja tu wa kufuli, chumbani mwao. Watoto walilala nyuma ya mapazia, na aliyekohoa alisikika nyumba nzima. Nani angemfungia ndugu yake mlango? Kumbe miaka yote hiyo, machoni pa soko, watoto wake walikuwa wakilala nje!

Lakini bei hiyo haikutosha kununua hata banda Kanyosha, anakoishi binti yake Fadhila, na Mwanne alitaka kuzeekea huko, karibu na wajukuu. Akauliza afanye nini.

Odette alimweleza kwa upole. Mapazia yatoke, milango ya chuma iingie, kila chumba kifungukie uani. Sebule ikatwe vipande vitatu kwa mbao nyembamba. Mafundi atawalipa Odette mwenyewe kwanza, kisha vyumba vihesabiwe upya kabla ya kuuza, na bei itapanda maradufu.

"Vyumba saba!" Salvator akapiga makofi. "Mama, utajenga etaji ya ghorofa mbili Kanyosha!"

"Na hao wanafunzi watakaa wapi pamoja?" Mwanne akauliza.

"Pamoja kufanya nini?" Odette akashangaa.

"Kula. Kuongea. Mumoja akigonjwa, nani atajua?"

"Atapiga simu, Mama."

Alisema kwa moyo mweupe, na hilo lilimshtua Mwanne kuliko bei. Mtoto wa watu ametoka Ruyigi kuja kusoma, homa imempanda, mwenzake yuko upande wa pili wa ubao mwembamba kama kidole, naye anatafuta namba ya kupiga! Na mji mzima umekubali kwamba nyumba ya namna hiyo ndiyo yenye thamani.

Odette akatoa chaki mkobani. Akaandika tano kwenye ukuta wa sebule, akaandika sita. Saba ikaangukia nyuma ya kiti cha Mwanne.

"Sogea kidogo, Mama."

"Apana."

"Apana kusogea?"

"Apana kuuza. Futa namba zako."

Salvator alishika kichwa. "Mama, bei kama hii hakuna mutu atakupa tena!"

"Toka, Salvator."

Jioni Fadhila alifika kutoka Kanyosha, mtoto mgongoni, uso umejaa matumaini.

"Mama, tayari? Nimekuonea nyumba, iko karibu na sisi kabisa!"

"Nimekataa kuuza."

Fadhila alikaa chini kama aliyesukumwa. "Sasa utakuwa unaona watoto lini?"

"Likizo. Nauli ya kila wiki hatuna. Utawaleta."

"Likizo tu?"

"Likizo tu," Mwanne akajibu. Hapo ndipo alipolia.