Kijani cha lori la baba

Jamani, leo nimemuuliza baba swali ambalo natamani ningelimeza.

Mnajua natengeneza magari madogo ya jeshi kwa bati la makopo. Safari hii nimetengeneza lori kama lile ambalo baba aliliendesha kwenye vita vya Kagera.

Kijani chake kimenitesa wiki nzima! Nimechanganya rangi za mageti kwenye vizibo vya soda mpaka mke wangu kanuna.

Asubuhi nikampelekea barazani.

"Shikamoo baba. Kijani chenyewe ndicho hiki?"

Akacheka. "Marahaba. Ndicho, ila lori lako safi mno. Kule vumbi lilikuwa jekundu, siyo hili tope letu jeusi la Ifakara."

Akaokota kipande cha tofali, akakisaga, akapaka matairi kwa kidole. Mzee wa watu alivyofurahi!

Nami kwa kiherehere changu nikauliza, "Na huku nyuma, ndani ya bodi, palikuwa na rangi gani?"

Kidole kikasimama.

"Huko tulibeba wenzetu waliokufa," akasema. "Tulipaosha, mwanangu. Tulipaosha sana."

Akainuka, akaingia ndani. Nikadhani yameisha.

Akarudi na kitambaa kilicholoa maji, akaanza kufuta ndani ya bodi.

Sasa hivi ni saa tisa alasiri. Chakula hajagusa. Bado anafuta.

Nimnyang'anye? Nimwache? Niambieni, maana mimi nimeshindwa.

Humo ndani sijapaka rangi yoyote. Ni bati tupu, linang'aa.