Yonka na Poromoko la Mwisho

Mimi maporomoko ya maji sikuyapenda hata siku moja. Maji yanaanguka, basi. Yalikuwa yanaanguka kabla sijazaliwa na yataendelea kuanguka nikishaoza. Lakini wifi yangu Yonka alikuwa anayafuata kila Jumapili, na mwanamke wa umri wake huwezi kumwacha aning'inie kwenye kamba na watu baki. Kwa hiyo nami nikanunua viatu vya mlimani, na kofia ngumu ya njano inayonifanya nionekane fundi wa barabara, nikaingia kwenye kundi la Gencho.

Hapa kwetu Kalofer, mji mdogo chini ya mlima, watu wenye akili timamu wanakwenda Poromoko la Peponi. Njia ipo, nyumba ya wapandaji ipo, supu ya maharage ipo, unapiga picha na wajukuu unarudi. Kundi la Gencho haliendi huko. Sisi tunakwenda bonde la pili, lile ambalo wazee waliliita Jehanamu, na wala hawakulionea. Ni magenge matupu, upupu, mawe yenye utelezi, na vijito vilivyojificha ndani ya nyufa. Humo kuna maporomoko ambayo hata wachunga mbuzi hawajayaona. Gencho ni zimamoto mstaafu, ana mikono kama makoleo, na furaha yake yote duniani ni kufika mahali ambapo hakuna mtu mwingine aliyekuwa mjinga kiasi cha kufika.

Yonka hakuwa anafuata maji. Alikuwa anamtafuta mwanawe.

Delyan alikuwa mtoto wa pekee wa Yonka na mdogo wangu Minko. Nasema "alikuwa", lakini kwa muda mrefu neno hilo sikuthubutu kulitamka. Alikwenda Jehanamu peke yake wakati theluji inayeyuka na mito imefura, akapige picha ya poromoko ambalo hakuna aliyewahi kulipiga. Nilimwambia, "Wewe kijana, maji ya sasa hivi hayana adabu." Akanibusu kwenye paji la uso akasema, "Shangazi, wewe hata maji ya bomba unayaogopa." Gari lake lilikutwa mwisho wa barabara, mkate na jibini juu ya kiti. Waokoaji walikwenda, mbwa walikwenda, helikopta ilizunguka mpaka mafuta yakaisha. Hawakupata hata kiatu.

Minko mwenyewe aliteguka nyonga katika kutafuta, tangu siku ile anatembelea fimbo. Mguu ulipomkatalia, akaweka sheria. Kwetu mtu akifa, karatasi yenye picha yake inabandikwa getini, na siku ya arobaini inachemshwa ngano, inatiwa sukari na njugu za walnuti zilizotwangwa, inagawiwa. Minko alikataa vyote. Binamu yetu mmoja alibandika karatasi kwa nia njema, Minko akaichana na kumtupia mabaki yake usoni. Padri alikuja kuuliza habari ya ibada ya wafu, akatolewa nje na kahawa yake mkononi.

"Hakuna maiti, hakuna ngano," alisema Minko. "Atakayemsomea mwanangu dua ya wafu humu ndani, asikanyage tena kizingiti changu. Hata wewe, dada. Hasa wewe na huo mdomo wako."

Basi tukafyata, hata mimi, na wanaonijua wanajua kufyata kwangu ni muujiza.

Na Yonka? Yonka hakulia, si siku ile wala baadaye. Alirudi kwenye cherehani yake kiwandani, akashona makola ya mashati. Alichoma pilipili hoho za msimu wa baridi, akazimenya, akazijaza kwenye chupa kama kila mwaka. Ukimuuliza, "Wifi, chumvi imetosha?" anajibu, "Sijui." Na kweli hajui. Siku moja nilifunga mlango wa gari ukambana kidole. Nilipiga kelele mimi. Yeye alikitazama tu kile kidole kinavyobadilika rangi, akasema, "Fungua, Vela." Watu walimsifu: Yonka jasiri, Yonka ameshapoa. Wapumbavu wakubwa! Mwenye kovu usidhani kapoa.

Kila Jumapili asubuhi Minko ndiye aliyempangia mkoba. Kamba, chai, mkate, na chini kabisa sweta la Delyan na soksi kavu. "Atakuwa amelowa," alikuwa anasema. Yonka anaubeba, hasemi kitu. Tukifika kwenye poromoko, wengine wanashangilia na kupiga picha, yeye anazunguka kidimbwi, anapita nyuma ya pazia la maji, anainama kwenye magogo yaliyonasa, anatazama kila mwanya. Halafu anarudi na kusema, "Hakuna," kama mtu aliyetafuta kijiko kabatini. Kundi lilishazoea. Wakati anatafuta tunageuka upande wa pili na kujitia kumenya mayai.

Gencho alikuwa anayachora maporomoko ya bonde kwenye ramani yake, moja baada ya jingine. Ikafika Septemba, likabaki moja tu, juu kabisa, ndani ya ufa ambao kila tulipoujaribu ulitushinda. Zaidi ya hilo halikuwapo jingine. Hilo tulilijua wote, na Yonka alilijua kuliko sote.

Jumapili hiyo tulikuwa na mgeni, Iskra, mfamasia kutoka mji wa Plovdiv. Binti mzuri, miguu ya swala, mdomo wa kasuku. Hakuna aliyepata nafasi ya kumdokeza. Tunapanda msituni, yeye anaongea. Kaongea habari za mumewe, za mbwa wake, za bei ya viatu, mpaka akamfikia Yonka.

"Na wewe mama, una watoto?"

Nilikanyaga vibaya kwa makusudi nikaangusha jiwe, lakini nani wa kunisikiliza.

"Ninaye mmoja," alisema Yonka.

"Yuko wapi?"

"Yuko mlimani."

"Jamani, kumbe ni ukoo mzima! Mtoto wa nyoka ni nyoka!" Akacheka. "Safari ijayo mlete tumwone."

Gencho alikohoa kama injini mbovu. "Iskra, njoo huku mbele unisaidie kamba," alisema.

"Kamba nimeshaibeba, kaka Gencho."

"Basi nisaidie kunyamaza."

Yonka alikuwa anatembea vilevile, hatua zilezile. Nilimtazama mgongo, nikaona mkoba wake umevimba kuliko kawaida. Nikamwambia anipe nikubebee. Akasema, "Huu naubeba mwenyewe, wifi."

Maji yalikuwa yamepungua, kwa hiyo safari hii ufa ulikubali, tukashuka kwa kamba mmoja mmoja. Nisiseme uongo, niliomba kila mtakatifu ninayemjua na wengine niliwatunga. Jiwe lilikuwa na utelezi, maji yalikuwa yananiingia shingoni, na Gencho chini anapiga kelele, "Vela, fungua macho!" Nikamjibu, "Yakifunguka nitakuona wewe, faida gani?" Wakacheka. Hata huko kwenye Jehanamu watu walikuwa wanacheka.

Poromoko lenyewe, haya, nitasema kweli, lilikuwa zuri. Lilidondoka kutoka juu sana, jembamba, jeupe, likaingia kwenye kidimbwi cheusi kisichopata jua. Hakuna aliyeshangilia. Hata Iskra alinyamaza, nadhani kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Yonka alivua mkoba, akaanza kuzunguka. Tukageuka, tukatoa mayai.

Safari hii alikaa sana. Aliingia majini mpaka kiunoni. Aliyashika magogo moja moja kwa mkono, akapapasa chini yake. Alipita nyuma ya maji, akatokea upande wa pili, akarudi tena nyuma. Mimi yai nililirudisha kwenye mkoba. Nilikuwa nasali asimpate, halafu nasali ampate, halafu sikujua tena nasalia nini.

Alirudi midomo imekuwa buluu. "Hakuna," alisema.

Gencho alitazama viatu vyake. "Yonka, hili ndilo la mwisho. Bonde limekwisha."

"Najua."

Akapiga magoti kwenye mkoba, akatoa sweta la Delyan. Lilikuwa limeviringishwa kwenye kitu. Akalikunjua, na ndani mlikuwa na bakuli lenye kifuniko, na vikombe vidogo, na vijiko. Akafungua kifuniko. Ilikuwa ngano, imenyunyizwa sukari nyeupe juu.

Ngano ile haipikwi kwa dakika. Inalowekwa, inachemshwa, inatandazwa kwenye kitambaa ikauke, kisha ndiyo ichanganywe. Kwa hiyo alikuwa ameshaamua kabla hajatoka nyumbani, akaipika na kuificha mkobani Minko asijue, na bado aliingia majini mpaka kiunoni akatafuta. Nilipolielewa hilo nikakaa juu ya jiwe lenye maji.

Akajaza vikombe. Cha kwanza akampa Gencho.

Ngano ya wafu haishukuriwi. Kila mtoto wa kwetu anajua hilo kabla ya kujua kusoma. Ukipewa unasema, "Mungu amsamehe," kwa sababu si wewe unayelishwa, ni marehemu. Kusema asante ni kumwambia mwenye msiba kwamba hujaona msiba wowote. Lakini Gencho alikuwa rafiki wa Minko, wametembea mlima pamoja tangu ujana, na kwa muda wote ule tulijizoeza kutomtaja Delyan kuwa marehemu. Zimamoto aliyeingia kwenye nyumba zinazowaka alikishika kile kikombe, akasema, "Asante, Yonka."

Yonka alisimama palepale, anangoja. Gencho akaitazama ngano. Yonka akapita kwa mwingine, naye akanong'ona, "Asante." Na mwingine, asante. Walikuwa wanamwonea huruma, na kila asante ilikuwa inamrudisha nyuma ya yale maji akatafute tena. Uso wake haukubadilika.

Akafika kwa Iskra. Iskra hakujua lolote. Alipokea kama alivyofunzwa na bibi yake.

"Mungu amsamehe," alisema. Halafu akauliza, kama inavyoulizwa: "Ni nani, mama?"

Yonka alifungua mdomo, na sauti haikutoka. Akajaribu tena. Akanigeukia mimi.

Nilimfikiria mdogo wangu. Nilimlea mimi Minko, mama yetu akiwa shambani kwenye mawaridi. Nyumba yake ndiyo nyumba ya baba yetu, na yeye si mtu wa kutamka sheria kwa mzaha. Nilimpenda na nilimwogopa, na wakati ule nilimkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu yeyote.

"Ni Delyan," nikasema. "Delyan wetu. Mwanawe." Nikaenda nikachukua kikombe mikononi mwake. "Mungu amsamehe Delyan."

Iskra alijiziba mdomo kwa kiganja. Gencho akavua kofia, akasema naye, "Mungu amsamehe," na wengine wakafuata mmoja mmoja, kwa sauti za chini, maji yakizifunika. Tukamwaga kidogo gongo la plamu la Gencho juu ya jiwe, sehemu ya marehemu. Yonka alikula kijiko kimoja, akatafuna muda mrefu.

"Nimezidisha sukari," alisema.

Sijui nyinyi mngefanya nini. Mimi nilicheka na kulia kwa mpigo, kamasi zikachanganyika na sukari. Yeye hakulia. Alifunika bakuli, akaliviringisha tena kwenye sweta, na humo ndani alibakiza kikombe kimoja.

"Hicho cha nani?" nilimuuliza, ingawa nilikuwa najua.

"Twende nacho kwa Minko wote wawili," alisema. "Peke yangu sitaweza."

Minko alikuwa jikoni, amewasha jiko la kuni, supu mezani. Alitazama viatu vyetu, akatazama nyuso zetu. Hakuna aliyeketi. Yonka alitoa kile kikombe, akakiweka mbele ya mumewe, na kijiko pembeni.

Minko alikitazama mpaka nikadhani hatakuja kuinua macho. "Nani kaanza?" aliuliza.

"Mimi," nilisema. "Na kizingiti chako sikikanyagi tena ukitaka, nimeshavaa viatu."

Minko alisogeza supu pembeni. Akachukua kijiko. Alikula taratibu, punje kwa punje, mpaka kikombe kikabaki kitupu, akajifuta masharubu.

"Asante, Yonka," alisema. "Nzuri sana."

"Haishukuriwi hiyo, Minko."

Hakupandisha sauti. Alisimama tu mbele yake, mikono imening'inia, suruali yake bado imelowa maji ya mlimani. Minko aliishika meza kwa mikono yote miwili. Nilimwona kidevu kikimtetemeka kama alipokuwa mtoto.

"Mungu amsamehe," alisema. Akavuta pumzi. "Mungu amsamehe Delyan wangu."

Hapo ndipo Yonka alipopiga yowe. Sijapata kusikia sauti ile kutoka kwa binadamu, na naomba nisiisikie tena. Alianguka sakafuni, majirani wakawasha taa na kutoka vibarazani. Nilimkimbilia kumnyamazisha, maana ndivyo tunavyofanya sisi wanawake, tunanyamazishana. Minko akanikamata mkono.

"Mwache, dada," alisema. "Mwache amlilie mwanawe."