Waliomnyonyesha Akiru

Harufu ya leso iliyolowa maziwa ya mama, kisha ikakauka juani, hunirudisha Chechelesi, mtaa wetu wa Isiolo, mara moja. Wengine hukunja pua. Mimi husimama nikaivuta taratibu, kama mtu aliyesikia akiitwa kwa jina lake la utotoni.

Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea kwisha, nami nilikuwa darasa la pili. Ukame ulikuwa umemaliza mbuzi wa watu. Mama alikuwa amejifungua mdogo wangu Akiru juzijuzi tu alipoanza kukohoa damu. Baba akawapeleka wote wawili Meru kwa lori la ng'ombe. Daktari akasema mama abaki hospitalini miezi mingi, na mtoto asimkaribie. Baba akarudi peke yake, Akiru amemfunga ndani ya koti.

Nyanya alijaribu kumpa kwa kijiko maziwa ya mbuzi wetu mmoja aliyesalia. Akiru akayatapika yote. Alilia mpaka sauti yake ikawa kama ya paka aliyefungiwa ndani ya debe.

Kesho yake ikaja jumuiya yetu, zile familia chache za Wakatoliki wa mtaa wetu waliosali nyumba kwa nyumba. Nyanya hakuwa amebatizwa, wala hakuwa na haraka hiyo. Aliwavumilia mpaka rozari ikaisha.

"Mmeomba vizuri," akasema. "Lakini mtoto hanyonyi maombi."

Wa kwanza kucheka alikuwa kiongozi wao, Mama Kinya, Mmeru aliyeuza mboga sokoni. "Kweli, mama," akasema, na papo hapo akaanza kufungua vifungo vya blauzi. Mtoto wake mwenyewe alikuwa amelala mgongoni.

Kuanzia siku hiyo walipokezana. Asubuhi alikuja Mama Kinya kabla ya soko, jioni mke wa mwalimu, Mluhya mwenye kicheko kikubwa. Wasionyonyesha walileta maji na kuni. Nyanya akasema mtoto huyu atazungumza kila lugha ya Isiolo kabla hajaota meno.

Mchana tu ndipo pengo lilipobaki, na Akiru alililia pengo hilo.

Siku moja Mama Ekai akasimama mlangoni. Alikuwa wa jumuiya yetu, na wiki iliyotangulia sote tulikuwa makaburini tukimzika kitinda mimba wake. Hakuna aliyethubutu kumwomba. Alikuwa amejifunga leso kifuani kwa nguvu, na bado ilikuwa imelowa.

"Nipeni huyo mtoto," akasema.

"Si lazima, mwanangu," Nyanya akamjibu.

"Yamejaa, mama. Yananiuma, na kwangu hakuna wa kuyanywa."

Nyanya aliinuka akampisha kwenye kigoda chake, yeye akaketi chini. Akiru akanyonya. Machozi ya Mama Ekai yalidondoka kwenye utosi wa mtoto, nami nikawa nayafuta kwa kidole.

"Anakuuma?" nikauliza.

"Hana meno, mama," akaniambia, na akatabasamu kidogo.

Alikuja kila mchana. Mama aliporudi amepona, Akiru alikuwa anajifunza kusimama. Alimwogopa mama, akalia, akamng'ang'ania Mama Ekai shingoni. Mama Ekai akamwachanisha vidole polepole, akamweka mapajani mwa mama, akatoka bila kugeuka.

Utotoni nilidhani Mungu alimpa Mama Ekai mtoto huyu ili kumfuta machozi. Mpaka nilipozaa wangu ndipo nilipoelewa. Mwanamke yule alikuwa ametoka kumzika mtoto mmoja, akaja kwetu kuomba mwingine, akijua tangu siku ile pale mlangoni kwamba huyu naye atamwachilia.