Umeme wa Kwenda Kamanga Bila Waya

Baba alipunguzwa kazi kiwanda kilipokuwa kinatafutiwa mnunuzi. Alikuwa fundi umeme, kazi yake kusuka upya mota zilizoungua, na alirudi nyumbani Nyakato na redio ya kuagwa na furushi la waya wa shaba ambalo hatukuuliza limetokaje. Mwezi wa pili wa kukaa bure akaanza kusema umeme hauhitaji waya.

"Redio hii," alisema, "imefungwa waya kutoka Dar es Salaam?"

Mimi nilikuwa kidato cha pili na siongei sana mbele ya watu, hata wa nyumbani. Niliandika swali lake kwenye daftari la fizikia. Daftari hilo mbele nilikuwa naweka vipimo, nyuma mambo yangu, na katikati niliacha kurasa tupu ili yasikutane.

Baba alisuka waya ule kuwa koili mbili za duara, upana wa sahani. Moja aliichomeka ukutani, nyingine akaifunga balbu ya tochi. Alipozisogeza karibu, balbu ikawaka. Nilipitisha kidole katikati kutafuta waya, sikuupata. Mama alisema "Haya," akaendelea kuchambua mchele.

Kazi yangu ilikuwa kupima. Shubiri moja, balbu inakuwa nyekundu kama kichwa cha sigara. Shubiri na vidole viwili, giza. Baba alisema ni kwa sababu waya ni mchache. Nikamwuliza mwalimu wa fizikia kwa maandishi. Niliacha karatasi mezani kwake nikakimbia. Alijibu kwa wino mwekundu kwamba nguvu ile inasambaa pande zote, ukisogea kidogo tu inapungua sana. Nikaacha karatasi nyingine: na redio je? "Redio inaokota makombo. Unadhani betri ni za nini?"

Baba sikumwambia.

Kumbe yeye alishamwandikia mjomba, kaka yake mama, anayeishi Kamanga, ng'ambo ya ziwa, na ana mashine ya kusaga ya dizeli. Koili moja kubwa isimame upande wetu wa ziwa, nyingine kwake, mashine izunguke. Kinachokosekana ni waya wa shaba tu. Mjomba akajibu kwamba anakuja kuona kwa macho, na akiridhika atauza ng'ombe. Ng'ombe aliokuwa nao ni wale wa kumlipia mwanawe mahari.

Alivuka Jumamosi mchana, zamu yetu ya kupata umeme. Nikapiga goti, shikamoo, marahaba, nikakaa pembeni na daftari. Baba alikuwa amefunga koili ya kwanza chini ya meza, ili mgeni aone balbu inawaka juu ya kitambaa bila kitu. Mama hakuambiwa. Na mama hawezi kumwacha kaka yake aanze mazungumzo kabla hajatia kitu mdomoni. Akaingia na sinia la chuma, chai na viazi vitamu, akalitua katikati ya meza. Baba, ambaye mkono wake ulishafika kwenye swichi, akawasha.

Sinia likaanza kunguruma. Vikombe vikatetemeka. Baba alishikilia koili yenye balbu juu ya viazi, nayo haikuwaka.

"Shemeji," mjomba alisema, "hiyo chai ina nini?"

"Sio chai, ni sinia. Linakula nguvu."

"Kati yangu na wewe pana kivuko kizima cha chuma. Hicho hakili?"

Mama akaondoa sinia. Balbu ikawaka. Mjomba akainama, akachungulia, akapitisha kidole kama nilivyofanya mimi.

"Aisee," alisema taratibu. Nikaona ng'ombe wanaondoka.

Kisha akanigeukia. "Mpwa wangu, wewe ndiye unayesoma. Unasemaje?"

Kumpinga baba mbele ya mgeni haiwezekani. Nikampa daftari. Mjomba alikuwa amesahau miwani, akampa baba. "Nisomee, shemeji."

Baba akalifungua kwa nyuma. Akasoma kwa sauti ile ya kusoma matangazo kanisani:

"'Jumanne. Leo maharage ya shule yalikuwa na mawe. Taa inafifia kwa shubiri moja. Kamanga haifiki hata tukisuka shaba yote ya Mwanza. Mjomba asiuze ng'ombe. Baba tangu aanze koili anaamka mapema na ananyoa ndevu. Naogopa kumwambia.'"

Hakuruka kitu, hata maharage. Mama akamimina chai.

"Shubiri ya nani?" baba akaniuliza.

"Yangu."

"Yako fupi." Akanyoosha yake kati ya koili. Yake ni ndefu, kwa hiyo balbu ilizimika kabisa. Akaitazama kidogo, akazima swichi ya ukutani.

"Ng'ombe wabaki," mjomba alisema, akichukua kiazi. "Ila kule kwetu, Sengerema mjini, kuna mtu ameunguza mota, anahangaika hana fundi. Waya huo hautoshi?"

Baba alilipima furushi kwa macho. "Unatosha na unabaki."

Alinirudishia daftari bila kunitazama. "Andika sentimita," alisema. "Shubiri siyo kipimo."

Jumatatu alipanda kivuko, furushi begani. Nilimsindikiza mpaka kwenye geti la abiria. Alikuwa amenyoa.