Pete ya Mwezi Aliyoiona Mama Peke Yake

Dalili ya mvua ni mawingu, watu husema, lakini mama yangu hakuwahi kuukubali msemo huo. "Mawingu ni wapita njia," alikuwa akisema huku akipepeta mpunga. "Yanatoka baharini, yanatusalimia, hayooo, yanaenda zao." Yeye aliamini pete. Akiona jua au mwezi umezungukwa na duara pana, alihesabu siku mbili tatu, kisha akaanza kutafuta jembe.

Kwetu Ngao, kando ya Mto Tana, kila mkulima anajidai anaijua mvua, ila mama alikuwa na sifa yake. Alinifundisha tangu nikiwa mdogo. Ukiutaka upinde wa mvua, lipe jua mgongo, usiutafute kwingine. Asubuhi za ukungu mzito aliniita mtoni nikaone upinde mweupe, hauna nyekundu wala kijani, kama leso iliyofuliwa mpaka ikachujuka. Na kwa pete ya jua alikuwa na sheria: usilikodolee jua macho. Nyoosha mkono, lifunike kwa kiganja, halafu tazama pembeni. Ukilifunika jua, pete inabaki pale pale angani, kwa sababu pete ni kubwa na kiganja ni kidogo.

Mimi nauza chai na mahamri Garsen, pale mabasi ya Lamu na Malindi yanaposimama. Nilikuwa nikipanda bodaboda alfajiri, jioni nikirudi kwa mama. Tuliishi wawili tu. Sina subira, hilo nalikiri, na ulimi wangu hutangulia akili.

Mwaka ule ukame ulitukalia vibaya. Jioni moja, mwezi ndio kwanza umechomoza, mama akaniita uani. "Njoo uone! Pete, tena ina rangi kama upinde!" Nikatazama. Niliona mwezi, basi. Nikadhani ni macho yangu yamechoka na moshi wa jiko la kutwa nzima, na njaa ilikuwa inaniuma. Nikamwambia, "Ndiyo mama, naiona, haya tukale."

Kesho yake habari ilishafika kila shamba. Majirani wakapanda mahindi kwenye udongo mkavu, kwa neno la mama. Wiki ikapita, ya pili ikapita, hakuna hata tone. Kanga wa porini wakaja kufukua mbegu, wakala wakashiba. Mwezi uliofuata mama akaona pete tena, akatangaza tena, na tena mvua haikuja. Vijana wakaanza kumwita Mama Mvua. Akipita njiani, mmoja anajifanya kufungua mwavuli. Nilikasirika, lakini kusema kweli sikuwakasirikia wao. Nilimkasirikia mama kwa kuniaibisha.

Kuna mama mmoja Muorma aliyekuwa akituletea maziwa ya jioni. Siku moja alimkuta mama uani akiuonyesha mwezi kwa kidole. Akaweka kibuyu chake chini, akatazama kwa makini.

"Sisi nasema ni zizi la mwezi," akasema. "Leo zizi hakuna. Ng'ombe yangu nakufa na kiu, mama. Kama zizi iko, mimi naona kwanza."

Mama akashusha kidole. Tukaingia ndani, pamoja na majirani wawili waliofuata maziwa, nikawasha taa ya sola. Mama akaitazama taa, akasema polepole, "Ajabu. Hata hii taa inayo. Pete ya rangi, inaizunguka yote. Na kichwa kinaniuma upande huu wa jicho."

Hapo ndipo ulimi wangu ulipotangulia. "Haya jamani," nikasema, "leteni miavuli, leo kutanyesha humu ndani!"

Loo, walicheka! Yule jirani mmoja alicheka mpaka akashika ukuta. Mama naye akacheka kidogo, kwa adabu, akavuta leso yake akajifunika mabega. Tangu jioni hiyo hakutaja pete tena. Mimi nilishukuru, Mungu anisamehe. Nikasema afadhali, amekubali amezeeka, sasa tutapumua.

Miezi mitatu ikapita hivyo. Jioni moja nilikuwa nimekaa nikihesabu mahamri yaliyobaki, mama akinimiminia chai. Chai ikamwagika mezani, kando kabisa ya kikombe.

"Mama! Kikombe si hicho hapo?"

"Kiko wapi?" akauliza. Hakuwa anatania. Akageuza kichwa chote kama kuku anayetazama mtama, ndipo akakiona. "Upande wa kushoto kuna ukungu siku hizi," akasema.

Nikakumbuka yale maumivu yake ya upande wa jicho. Nikamuuliza, "Na zile pete?"

"Zipo."

"Kwa taa?"

"Kwa taa, kwa mwezi, hata kwa tochi ya bodaboda wako. Niliacha kusema tu."

Nikamshika mkono, nikaunyoosha mbele ya taa. Nikamwambia aifunike kwa kiganja, vile vile alivyonifundisha kufunika jua.

"Pete imebaki?"

Akaondoa kiganja, akakirudisha. "Imepotea," akasema. "Yote." Mama si mjinga, alielewa kabla yangu. "Basi haikuwa ya angani. Ilikuwa yangu."

Kesho yake sikuchemsha chai. Tulipanda basi la asubuhi la Malindi, yeye dirishani upande wa jicho zima. Kliniki ya macho ilikuwa na foleni ndefu, tukaingia saa nane mchana. Daktari alikuwa binti mdogo, mpole, anayemwita mama kwa heshima. Alimpima kwa taa na vyombo, akampima tena. Kisha akavuta kiti karibu. Ilikuwa presha ya macho. Sikuwahi kujua kwamba macho nayo hupata presha. Jicho la kushoto lilikuwa limeshakwenda, halirudi. La kulia lingeweza kuokolewa, kwa matibabu ya haraka na matone kila siku bila kukosa.

"Zile rangi kuzunguka taa ndizo zilizokuwa zikikuonya, mama," daktari akasema. "Zilianza lini?"

"Kabla ya kupanda mahindi."

Daktari akahesabu miezi kwa vidole, akakunja uso. "Muda wote huo! Ungekuja mwanzoni, hili jicho tungeliwahi. Nyumbani hukumwambia mtu yeyote?"

Nilisimama nyuma ya kiti cha mama, mikono yangu juu ya mabega yake. Nikangoja. Nilijua ninastahili, na nilikuwa tayari atamke mbele ya yule binti kwamba alisema, akachekwa, na aliyemcheka ni huyu hapa.

Mama akageuza kichwa mpaka akanipata kwa lile jicho lililobaki. Akanitazama. Halafu akamgeukia daktari.

"Sikumwambia mtu," akasema. "Ni ukaidi wangu tu."

Daktari akaandika hivyo hivyo kwenye kadi yake, nami nikamwacha aandike.