Swali Nililoandika Mimi

Habari za kifo chake zilinikuta kanisani wakati wa matangazo, kati ya harambee ya mabati na mkutano wa akina mama. Mchungaji alitaja jina lake, akasema ameugua muda mfupi na kwamba mazishi ni Ijumaa, nyumbani kwao nje kidogo ya Sultan Hamud. Mimi ni mzee wa kanisa, hukaa kiti cha mbele, na siku hiyo kwa mara ya kwanza nilitamani cha nyuma. Waliokaa karibu nami walinipa pole kwa sababu walijua tulifanya kazi pamoja. Nilizipokea pole hizo huku nikiona aibu, maana hazikuwa haki yangu.

Mwishoni mwa miaka ya tisini tulikuwa ofisi moja Kitui mjini, katika mradi wa kugawa mbegu kabla ya mvua ya Novemba. Mimi nilikuwa msimamizi, yeye fundi wa kompyuta. Alikuwa mwalimu wa hesabu aliyejifunza kompyuta kwa vitabu vya kuazima, na alipoleta ile XML yake hata wakubwa wetu wa Nairobi walikuwa hawajaizoea. Nieleze kidogo, mnivumilie. Ni namna ya kuandika kumbukumbu ambapo kila habari hufungwa ndani ya lebo yake: hapa jina la mwenye boma, hapa kijiji, hapa kama ni mwanamume au mwanamke, hapa ekari. Kisha kuna karatasi ya maagizo inayozisoma kumbukumbu hizo na kuzigeuza kuwa orodha safi ya kuchapa. Kwa kawaida sharti la nani aingie kwenye orodha huandikwa ndani ya maagizo hayo hayo, na kulibadilisha ni lazima umwite fundi. Yeye alilitoa sharti nje, akaliweka katika faili dogo peke yake, ili sisi wenyewe tuandike swali letu. Programu ilipoanza kazi ililisoma swali kama maneno matupu, halafu papo hapo ikaligeuza kuwa amri na kulijibu. Leo ungeuliza wajane wa Nuu, kesho wenye ekari mbili wa Makueni, na fundi hajaguswa. Nilijivunia mashine ile kama niliyeitengeneza mimi.

Alikuwa na ombi moja tu. Kila swali, kabla ya kuendeshwa, lisomewe mtu wa kijiji kinachohusika. Nilicheka. Nikamuuliza tangu lini mkulima wa Nuu akasomewa kompyuta. Akanijibu polepole, kama anamfundisha mtoto kugawanya: "Boss, hii machine haijui kuuliza. Inajua kujibu tu. Ukiuliza mbaya, itakujibu vizuri kabisa."

Msimu huo niliandika swali mwenyewe. Nilitaka boma lolote ambalo mwenyewe ni mwanamume, au ni mwanamke mjane. Alilisoma akiwa amesimama nyuma yangu, akakuna kidevu. "Na wale wa iweto watatokea wapi hapo?" Kwa msomaji asiye wa kwetu: Ukambani, mwanamke aliyekosa mtoto wa kumrithi aliweza kutoa mahari akaoa mke, na watoto wa mke huyo wakawa wa boma lake. Mke anayeolewa hivyo ndiye iweto. Mwenye boma kama hilo si mwanamume, na si lazima awe mjane. Nilimjibu bila kugeuka: "Hayo ni mambo ya zamani, yaliisha. Weka vile nimeandika."

Hayakuwa yameisha, nami nilijua kuliko yeyote. Nyanya yangu aliyenilea aliolewa na mwanamke. Ugali nilioula utotoni ulitoka katika boma la namna hiyo hiyo. Lakini nilikuwa nimeshakuwa mtu wa tai na Biblia ya ngozi, na kanisani kwetu mambo hayo yalitajwa kwa kunong'ona. Niliona haya kuliandika neno hilo kwenye mashine ya ofisi. Hiyo ndiyo sababu yenyewe, na hakuna nyingine.

Orodha ikatoka, mbegu zikaenda. Nuu peke yake, maboma tisa yalirudi mikono mitupu huku mawingu yakikusanyika. Chifu akalalamika, na wakubwa wakatangaza kwamba wanakuja kukagua. Asubuhi ile, kabla gari lao halijafika, nilifungua lile faili dogo, nikaongeza maneno yaliyokosekana, nikalifunga. Wageni walipoendesha programu, maboma yote tisa yalitokea. Swali lilikaa nje ya maagizo, kwa hiyo halikuacha alama yoyote ya lilivyokuwa jana. Wakasema mashine inayojibu hivi leo na vile kesho haifai. Mmoja akanigeukia: "Nani aliandika hii kitu?" Nikamwonyesha fundi kwa kidole. Mwisho wa mwezi hakuwa na kazi.

Tulikutana tena mara moja tu, Salama, alikofungua kibanda cha kuchapa barua na kutengeneza redio. Aliniagizia chai. Nikazungumza juu ya jua, bei ya mbuzi, kila kitu isipokuwa kile kimoja. Nilipoinuka kuondoka akasema, bila uchungu: "Nilijua ni wewe. Lakini mimi ndiye nilijenga kitu inaamini kila mtu." Hapo ndipo ningesema neno. Nilimshukuru kwa chai. Majuto ni mjukuu, na wangu huyo sasa ameota ndevu.

Ijumaa nilienda kumzika. Baada ya majirani, alisimama mama mmoja mwenye leso ya kijani. Alisema hivi, mbele ya mchungaji na umati wote: "Mimi nimetoka Nuu. Mume wangu ni mwanamke, amezeeka, hawezi safari, akanituma. Huyu mwalimu alikuja kwetu na baiskeli ya kukodi Mwingi, amebeba ndengu ya shamba yake. Akaenda kwa maboma yote tisa. Akaniambia, mama, jina yenu ilipotea kwa mkono yangu, nisameheni. Mvua ilikuwa imebaki kidogo, tukapanda. Hiyo mbegu mpaka leo ndiyo napanda." Akakaa. Hakunong'ona hata neno moja, na hakuna aliyecheka.

Aliyeitwa baada yake nilikuwa mimi, kama mkubwa wake wa zamani. Mama yule aliniinulia uso, akisubiri. Ningeweza kumaliza jambo hili pale pale, kwa sentensi moja. Nilisema marehemu alikuwa mchapakazi, mtu wa watu, Mungu amlaze pema. Wakasema amina, nikarudi kitini.

Waswahili husema kuuliza si ujinga. Kweli, lakini anayeuliza huwa ameshaamua nani aonekane na nani asionekane, na siku hizi tunaziachia mashine hukumu bila kumtafuta aliyeandika swali. Nimejifunza kwamba swali linalomhusu mtu asomewe mtu huyo kwanza, na kwamba aliyeliandika akae karibu nalo litakapoharibika. Alitaka hilo tu, nami nikamcheka. Kwa hiyo mama wa Nuu, kama kuna wa kukusomea gazeti hili: jina la boma lenu halikupotea kwa mkono wake. Lilipotea kwa wangu, nami ni mjukuu wa boma kama lako.